Barua ya wazi kwa halmashauri tano za Dar es Salaam: barua ya msamaha iende na fedha yake

Kwa: Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam na Wastahiki Meya wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, pamoja na Wakurugenzi, Weka Hazina na Waganga Wakuu wa halmashauri hizo.

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Katibu Mkuu, OR-TAMISEMI, Katibu Mkuu, Wizara ya Afya.

YAH: MALIPO YA WAGONJWA WASIO NA UWEZO WANAOTIBIWA HOSPITALI ZA UMMA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima.

Kila siku ya kazi, ofisi za serikali za mitaa katika mkoa huu zinaandika barua za kumtambulisha mgonjwa asiye na uwezo wa kulipia matibabu. Mtendaji anaandika, mwenyekiti anagonga muhuri, ndugu anapanda daladala kuipeleka Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili. Kule afisa ustawi wa jamii anaisoma, anamhoji mgonjwa, anajaza fomu ya msamaha, na bili inafutwa. Kwa upande wa mtaa shughuli imekwisha. Kwa upande wa hospitali kuna dawa zilizochukuliwa Bohari ya Dawa kwa deni, kuna nyuzi za kushonea na glovu zilizokwisha kutumika, kuna vitendanishi vya maabara, na hakuna anayerudisha gharama yake. Halmashauri ambayo ofisi yake ndiyo iliyothibitisha umaskini wa mgonjwa haipati bili wala taarifa.

Sisi tunaoandika tunafanya kazi kwenye madawati ambako karatasi hizo hupita: ustawi wa jamii, uhasibu wa vituo vya afya na kamati za usimamizi wa vituo. Tunaomba jambo moja. Barua ya msamaha ikitoka kwenye mtaa wa halmashauri yenu, halmashauri yenu ilipe gharama ya matibabu hayo, kwa viwango vilivyokubaliwa na ndani ya muda uliokubaliwa.

Kwanza tuseme tunamzungumzia mgonjwa gani. Tangu uchangiaji wa huduma za afya uanze mwaka 1993 kumekuwa na misamaha ya aina mbili, na inachanganywa kila siku. Mmoja ni wa kundi: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma, UKIMWI na kadhalika. Hao wametajwa na sera ya Taifa, na Serikali Kuu ndiyo yenye wajibu wa kubeba gharama zao. Hatuwaombi muuchukue mzigo huo. Msamaha wa pili ni wa hali. Fundi ujenzi wa miaka 35 aliyeanguka toka kwenye jukwaa, mama ntilie aliyepasuliwa uvimbe, dereva wa bajaji ambaye figo zimeshindwa: hawamo kwenye kundi lolote, ila hawana kitu. Kinachowabeba ni barua ya mtaa peke yake. Hawa ndio wagonjwa ambao hakuna anayewalipia.

Zamani jambo hili lilikuwa na nafuu fulani. Amana, Temeke na Mwananyamala zilikuwa hospitali za manispaa. Mkurugenzi ambaye watumishi wake waliandika barua ndiye pia aliyebeba hasara hospitalini, kwa hiyo aliiona. Zilipopandishwa hadhi kuwa hospitali za rufaa za mkoa, na baadaye kuhamishiwa Wizara ya Afya, bajeti yake ikaenda Fungu 52, yaani fungu la bajeti la Wizara hiyo. Mitaa ikabaki TAMISEMI. Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri hauzigusi tena hospitali hizo tatu. Unaishia Sinza Palestina, Mnazi Mmoja, Kivule, Mabwepande, Mbagala Rangi Tatu, Vijibweni na vituo vilivyo chini yake. Muhimbili, MOI (taasisi ya mifupa), Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Ocean Road nazo ziko Wizarani. Leo anayeandika barua na anayebeba gharama hawapangi bajeti pamoja, na karatasi pekee inayowaunganisha ni ile aliyoishika ndugu wa mgonjwa.

Tuitazame bili moja kwa karibu. Kijana amegongwa na bodaboda Tandika, paja limevunjika. Anafikishwa Hospitali ya Rufaa Temeke na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mkononi. Anafunguliwa faili, anapigwa picha ya eksirei, anapimwa wingi wa damu na kundi lake, anawekewa dripu na sindano za maumivu, mguu unafungwa banzi, analala siku mbili, kisha anapewa rufaa kwenda MOI kuwekewa chuma. Ajali ilikuwa Ijumaa jioni na ofisi ya mtaa inafunguliwa Jumatatu. Ndani ya siku hizo ndugu wanaambiwa wanunue nje vile vilivyokosekana duka la dawa la hospitali: glovu, bandeji, antibayotiki. Wanakopa, wananunua. Barua ikipatikana inapelekwa Temeke, lakini mgonjwa ameshahamia MOI, na huko mahojiano yanaanza upya na barua nyingine inatakiwa.

Msamaha unapotoka hatimaye, unafuta kitanda na ada ya kumwona daktari, yaani vitu ambavyo Serikali imekwisha kuvilipia kwa njia ya mishahara na majengo. Hauwarudishii ndugu hela waliyonunulia vifaa. Familia maskini imelipa pale palipouma, hospitali imesamehe pale palipokuwa rahisi. Msimtafutie mhudumu lawama kwa hilo. Duka la dawa linaendeshwa kwa fedha inayozunguka: dawa iliyotoka leo inunuliwe tena wiki ijayo. Kila chupa iliyotoka bila kurudishiwa fedha yake inapunguza uwezo wa kuagiza, na Bohari ya Dawa ikikosa kitu hospitali haina fedha ya kukifuata kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa. Msamaha usio na mlipaji ndio unaozaa ile kauli ya "dawa hakuna, kanunue nje", na kauli hiyo inamfikia hata anayelipa taslimu.

Kasoro nyingine imo kwenye kumbukumbu. Mfumo wa hospitali unamwonyesha mgonjwa wa msamaha, lakini mara nyingi sehemu ya makazi imejazwa "Dar es Salaam" basi, au "Temeke" kwa maana ya wilaya. Mtaa haupo, kata haipo, namba ya NIDA haipo. Mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito na fundi aliyeanguka wote wanaingia kwenye jumla moja ya misamaha. Mwisho wa mwezi mhasibu anaweza kusema hospitali imesamehe kiasi gani. Hawezi kusema Ubungo inahusika na kiasi gani na Kigamboni kiasi gani. Bila hilo hakuna bili inayoweza kuandikwa, hata kama halmashauri ingekuwa tayari kulipa kesho asubuhi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama kubwa: barua ya mtaa iwe fomu moja kwa mkoa mzima. Iwe na namba ya mfululizo, jina na namba ya NIDA ikiwapo, mtaa, kata, halmashauri, namba ya simu ya mtendaji, idadi ya watu wa kaya, kazi ya mkuu wa kaya, kama kaya imo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, na tarehe ya mwisho wa kutumika. Tunapendekeza miezi sita, na itumike hospitali zote za rufaa ili mgonjwa akihamishwa asianze upya. Nyingi ya barua za sasa zina mstari mmoja tu: "Mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu na hana uwezo." Afisa ustawi hawezi kupima chochote kwa mstari huo. Fomu itolewe bure, na iandikwe hivyo juu yake kwa herufi kubwa, maana zipo ofisi ambazo ndugu wa mgonjwa huombwa "ya karatasi" kabla muhuri haujagongwa.

Sasa bei, na hapa tunaomba uvumilivu wenu kwa sababu ndipo mipango ya namna hii huvunjikia.

Halmashauri isilipe bei ile anayotozwa mgonjwa wa taslimu. Mishahara ya madaktari na wauguzi, majengo, mashine kubwa, vyote vimelipwa na Hazina. Kuvilipia tena ni kulipa mara mbili kwa fedha ya umma ile ile. Kinachostahili kulipwa ni kile kilichotumika na kuisha: dawa, vifaa tiba, vitendanishi, chakula cha mgonjwa, oksijeni, chuma cha mfupa. Tena isilipwe kwa orodha ya kitu kimoja kimoja. Waliowahi kuandaa madai ya Bima ya Afya kwa fomu ya 2A na B wanajua kilichomo: sahihi iliyokosekana, msimbo uliokosewa, dawa isiyolingana na ugonjwa ulioandikwa, na makato yanayofuata. Halmashauri haina kikosi cha kukagua karatasi hizo, na hospitali haina watu wa kubishana na halmashauri tano. Iwekwe bei ya jumla kwa aina ya huduma: kulazwa wodi ya kawaida kwa siku, upasuaji mdogo, upasuaji mkubwa, mfupa bila chuma, mfupa wenye chuma, uangalizi maalumu kwa siku. Aina kumi na mbili au kumi na tano zinatosha. Hospitali ikitumia zaidi ya kiwango inabeba yenyewe, ikitumia kidogo inabakiwa na akiba, na hapo haina sababu ya kujaza orodha ndefu. Vyuma vya mifupa peke yake vilipwe kwa risiti, kwa kuwa bei zake zinatofautiana mno.

Fedha itoke wapi? Mnatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2, na mnafanya hivyo kwa sababu Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inawataka. Mkopo huo una kifungu, una kanuni, na mkaguzi anauuliza kila mwaka. Matibabu ya asiye na uwezo hayana kifungu cha namna hiyo. Yana huruma ya ofisi tu. Sisi tunaomba asilimia moja ya mapato yasiyolindwa, yaani mapato ya ndani yasiyofungwa kwa matumizi maalumu. Halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 40 za mapato hayo itatenga milioni 400. Inayokusanya bilioni 10 itatenga milioni 100. Kiwango kianzie hapo kwa mwaka mmoja, kisha kirekebishwe kwa kumbukumbu halisi. Na tukumbushane: mwanamke aliyechukua mkopo wa asilimia 10 akaanza biashara ya vitenge, siku akilazwa bila fedha ya matibabu mtaji wote unaishia wodini na marejesho yenu yanakufa.

Malipo yaende hivi. Mwanzo wa kila robo mwaka halmashauri ipeleke hospitalini asilimia 70 ya makadirio, kabla ya huduma, ili duka la dawa liwe na cha kuagizia. Hospitali ilete madai ya mwezi kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, kwa mfumo, ikiambatanisha namba ya fomu ya mtaa. Ofisi ya Mganga Mkuu na afisa ustawi wa halmashauri wawe na siku 15 za kuhoji. Dai lisilohojiwa ndani ya siku hizo lihesabike limekubaliwa. Tofauti ilipwe au irudishwe mwisho wa robo. Tunasisitiza malipo ya awali kwa sababu tunaijua Juni: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, mfumo wa malipo unafungwa kabla ya hapo, na dai la Mei linageuka deni la mwaka uliopita ambalo halina kasma (kifungu cha bajeti) mwaka mpya.

Ubishi mkubwa utakuwa juu ya nani ni mkazi wa wapi. Mpangaji alihama Tandale kwenda Chamazi miezi miwili iliyopita. Kinondoni itasema si wetu, Temeke itasema hatujamwandikisha. Kanuni iwe rahisi: alipolala mwezi uliopita kabla ya kuugua, na daftari la wakazi la mtaa ndilo shahidi. Aliyeokotwa barabarani bila fahamu wala kitambulisho alipiwe na mfuko wa pamoja wa halmashauri zote tano, kila moja ikichangia kwa uwiano wa mapato. Wanaotoka Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo ni wengi kwenye wodi za Dar es Salaam, na si haki bili yao kuja kwenu. Waandikwe peke yao, na jumla yao ipelekwe OR-TAMISEMI kila robo ili igawiwe kwa halmashauri zao.

Mfuko huo wa pamoja uwe pia kinga ya magonjwa yanayokula fedha. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki anahitaji huduma hiyo mara 156 kwa mwaka, na mwaka ujao tena. Wagonjwa wachache wa namna hiyo kutoka halmashauri moja ndogo wanaweza kumaliza kasma nzima kabla ya Desemba. Kuwe na kikomo kwa mgonjwa mmoja. Gharama ikivuka hapo, mfuko wa mkoa uipokee.

Hofu tunayoiheshimu kuliko zote ni hii: halmashauri ikianza kulipa, mitaa itaagizwa kubana barua. Tunaamini itatokea pasipokuwa na kizuizi. Ndiyo maana uamuzi wa mwisho wa msamaha ubaki kwa afisa ustawi wa hospitali, kwa alama za hali ya kaya zinazofanana mkoa mzima. Mtaa upewe saa 48 za kuleta pingamizi lenye ushahidi. Ukinyamaza, msamaha unapita. Na dharura isisubiri fomu yoyote.

Nchi nyingine zimepita njia hii na zimeacha mafunzo. Denmark, tangu mageuzi ya 2007, manispaa zilianza kuchangia gharama za hospitali za wakazi wao, na zikalalamika kwamba zinalipia maamuzi ya madaktari ambayo hazina mamlaka nayo. Bei ya jumla na kikomo tulivyovieleza vinapunguza hilo. Uswidi, tangu 1992, manispaa zinalipia kitanda cha mgonjwa ambaye ameshatibiwa lakini bado yuko hospitalini kwa kukosa pa kwenda au wa kumtunza. Fundisho hilo tunalitaka hapa kwa haraka. Wodi zetu zina wazee waliotelekezwa na watu waliopata kiharusi ambao daktari ameshaandika ruhusa, ndugu hawapokei simu, na hakuna ofisi inayowajibika kuwatoa. Makazi ya Wazee Nunge yako Kigamboni, lakini yako chini ya wizara nyingine kabisa, na barua ya kuomba nafasi inazunguka. Tunapendekeza siku saba baada ya ruhusa. Kuanzia ya nane, halmashauri ya mkazi huyo ilipie kitanda kwa siku. Mkurugenzi akianza kuona gharama hiyo kila mwezi, afisa ustawi wake atapewa gari la kwenda kuwatafuta ndugu.

Tunajua jibu litakalotolewa kwanza ni Bima ya Afya kwa Wote. Tunaiunga mkono. Sheria ya 2023 imeweka mfuko wa wasio na uwezo, na imetaja vyanzo vyake, zikiwamo sehemu za ushuru wa vinywaji baridi, pombe na michezo ya kubahatisha. Lakini hata bima inaanza na swali la nani hana uwezo, na swali hilo litarudi kwenye ofisi ile ile ya mtaa. Kadi za CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa zilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu sita Dar es Salaam iliwekewa shilingi 150,000 wakati mikoa mingine ilikuwa 30,000, na huduma iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kukatia kaya 2,000 kadi hizo kungegharimu milioni 300, na kijana wetu wa paja angefika MOI kadi ikiwa imekoma Temeke. Orodha ya TASAF nayo inamkosa mtu ambaye Januari alikuwa na bajaji na Juni ameiuza kwa ajili ya vipimo. Bima ikimfikia kila mmoja, asilimia moja hii haitapotea. Itageuka kuwa fedha ya kuwakatia bima waliomo kwenye daftari ambalo tayari mtakuwa mmelitengeneza.

Tunaomba mambo haya yaingie kwenye makadirio yanayoandaliwa kabla mabaraza ya madiwani hayajayapitisha. Kasma ifunguliwe PlanRep, mfumo wa kupangia bajeti za halmashauri, kwa jina lake, isifichwe ndani ya matumizi mengine ya idara ya afya. Fomu moja ya mtaa ianze kutumika hata kabla ya fedha kupatikana, na hospitali tatu za rufaa zianze kuandika mtaa na kata ya kila mgonjwa wa msamaha wa hali, akitenganishwa na misamaha ya makundi. Halmashauri mbili na hospitali moja zianze kwa majaribio ya miezi sita. Temeke na Kigamboni na Hospitali ya Rufaa Temeke zinafaa kwa sababu wagonjwa wao wanapita njia moja. Taarifa ya majaribio isomwe kwenye kikao cha wazi cha baraza, ikionyesha madai yaliyoletwa, yaliyokataliwa na sababu zake, na siku zilizopita hadi kulipwa.

Tuko tayari kukaa na weka hazina na waganga wakuu wenu kuandaa viwango na fomu, muda wowote mtakaotuita.

Tunaomba kuwasilisha.